Gari la sekunde nne, safari ya siku mbili

Ukiliona kule Instagram unaweza ukauza kiwanja cha urithi. Jeusi, rimu inchi 22, vioo vyeusi, limeegeshwa Coco Beach alfajiri jua linachomoza, na jamaa kaegemea boneti mikono mfukoni utadhani na bahari ni ya kwake. Chini ya picha kaandika maneno mawili tu: "Halinywi mafuta." Watu wakamwaga mioyo, wakamwaga moto, bidada mmoja akaandika "mume wa mtu jamani". Ndiyo maisha ya mjini.

Jina la jamaa linabaki kapuni, na chapa ya gari nayo vilevile. Inatosha kujua kwamba ana miaka 36, anauza vifaa vya ujenzi Kariakoo, nyumba ipo Goba, mke mmoja, watoto wawili, kwao Marangu. Na ndinga lenyewe ni SUV ya umeme ya daraja la juu kabisa: mota moja mbele, nyingine nyuma, nguvu ya farasi zaidi ya 600. Kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa, sekunde nne hazifiki. Uzito tani mbili na nusu kabla hajapanda mtu. Lilitumika kidogo Uingereza, likapanda meli, likashukia bandari ya Dar.

Picha ile ilifika mpaka Marangu. Mama yake mkubwa, dada wa mama yake, alioneshwa na mjukuu kwenye simu. Huyu mama mkubwa ndiye aliyemlipia jamaa ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha sita, hela yote ya ndizi za soko la Himo. Akapiga simu siku hiyohiyo.

"Mwanangu, nimeona gari. Wanasema halinywi mafuta."

"Ndiyo, mama mkubwa. Halinywi."

"Sasa linakula nini?"

"Umeme."

Kimya kidogo, halafu: "Basi njoo nalo. Kwangu umeme upo. Utanipeleka kanisani."

Akaahidi Desemba. Wachaga na Desemba mnajuana.

Mahesabu ndiyo yaliyomtia jamaa kwenye hili gari, na kwenye mahesabu hakudanganywa. Betri inameza kama uniti 100. Luku ya elfu 10 inatoa uniti 28. Kwa hiyo kulijaza ni kama elfu 36, ukiweka na umeme unaopotea wakati wa kuchaji sema elfu 40. Kilomita 100 linatumia uniti 22 mpaka 25, haizidi elfu 9. V8 lake la zamani lilikuwa linakunywa lita 15 kwa umbali huohuo, na petroli wakati huo ilikuwa inacheza karibu na elfu tatu lita. Halafu foleni ya Mwenge, ambayo kwa V8 ilikuwa ni kuchoma hela umekaa, kwa hili ni kiyoyozi tu kinachotumia chaji, gari lenyewe limenyamaza. Ukiachia kanyagio linajipunguza mwendo na kujirudishia umeme kidogo. Hapo mtu akikuambia gari la umeme ni upuuzi, mwambie aongee taratibu.

Kilichomponza ni muda.

Chaja ya mkononi, ile unayochomeka kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu, inachukua ampea 10. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Yaani saa nzima gari limeingiza uniti mbili na kidogo, na betri ni ya uniti 100. Piga mwenyewe. Kutoka tupu mpaka kujaa ni siku mbili, usiku na mchana. Kwa mizunguko ya Goba–Kariakoo haina shida, anarudi jioni limepungua asilimia 15, anachomeka, asubuhi limerudi. Shida ni siku likirudi nyumbani limekauka.

Na hata huko kuchomeka hakukuwa kwepesi. Usiku wa kwanza chaja iliwasha taa nyekundu ikagoma kabisa. Fundi umeme alipokuja akakuta nyumba nzima ya ghorofa moja, vigae vya Hispania, jikoni la kuonesha wageni, haina athi. Ukuta una matundu matatu ila la juu halijaunganishwa na kitu. Friji halikuwahi kulalamika, pasi haikuwahi kulalamika, lakini magari haya yana akili, hayakubali kuchaji bila athi. Ikachimbwa nondo ya shaba uani, taa ikawa kijani, na sherehe ikaisha dakika ishirini baadaye mama watoto alipowasha pasi na pampu ya maji kwa pamoja. Breka ikajikata, nyumba giza.

Ikabidi iwepo ratiba. Kupiga pasi ni kabla ya jua kuzama. Pampu ni alfajiri. Gari ni kuanzia saa mbili usiku. Mkewe akavumilia wiki mbili, siku moja amesimama mlangoni na nguo za shule mkononi akasema, "Baba, ungeniambia tu kwamba umeoa. Mke mwenza gani huyu anakula kwanza?"

Fundi alikuwa ameshamweleza. "Bosi, hizi waya ni za pasi na friji. Hilo dude linataka waya wake peke yake kutoka kwenye mita, na chaja ya ukutani ya ampea 32." Chaja ya namna hiyo inatoa kilowati 7, usiku mmoja mrefu na gari limejaa. Waya, chaja na ufundi, milioni tatu na nusu. Jamaa akasema sawa, mwezi ujao.

Mwezi ujao yakaja mambo ya tairi.

Mtu akiwa na gari la sekunde nne, kila anayepanda anataka aoneshwe. Mashemeji, wateja, mchungaji msaidizi, fundi vigae. "Kaka, hebu likanyage kidogo tuone." Naye anakanyaga mafuta (ambayo hayapo), gari linaruka kama limetukanwa, vichwa vyote vinagonga viti, wanacheka mpaka machozi. Dogo lake la miaka sita lilitapikia kiti cha ngozi mara mbili, la tatu likakataa kupanda. Mama mkwe alishuka ameshika wigi na kusema ataita bodaboda. Sasa, mota ya umeme haisubiri kama injini, nguvu yote inafika kwenye tairi papo hapo, na juu ya tairi kuna tani mbili na nusu. Mpira hauna pa kukimbilia. Kilomita elfu 14 tu, tairi za nyuma zikawa upara, na za mbele zinafuata.

Saizi ile Kariakoo hakuna, Shauri Moyo hakuna. Zikaagizwa Dubai, zikakaa wiki tatu njiani, na ndani ya hizo wiki tatu akapata pancha Tegeta usiku, akafungua nyuma kutafuta tairi la spea, akakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo. Magari mengi ya aina hii hayana spea, nafasi na uzito wote umeliwa na betri. Tairi nne zikamtoka milioni nne kasoro kidogo. Hela ya waya wa chaja ikawa imekwenda hivyo.

Halafu kasi yenyewe, kwa Dar hii unaitumia wapi? Mjini mwisho ni 50, nje ya mji trafiki kajificha kwenye mti wa mwembe na tochi yake, faini elfu 30. Goba kuna matuta ambayo kila mwenye nyumba kajijengea lake. Taa zikiruhusu pale Lugalo jamaa anawaacha wote nyuma kwa mita hamsini, anafika kwenye foleni iliyo mbele, na kabla hajapumua bodaboda aliyebeba kreti la soda anampita ubavuni.

Kuna na lile tukio la asubuhi gari lilipokataa kufunguka. Betri kubwa ina asilimia 88, gari limekufa kabisa, hata mlango. Kumbe ndani kuna kibetri kidogo cha volti 12, kama cha IST tu, ndicho kinachoamsha kompyuta na kufungua milango, na hicho ndicho kilichokata roho. Likaamshwa kwa waya za kuazima chaji kutoka kwenye IST ya jirani. Jirani hakusema kitu. Alipiga picha tu. Na ile programu ya simu ya kufungulia gari kwa mbali haikusaidia, maana laini iliyo ndani ya gari ni ya Uingereza, Bongo haishiki.

Binamu yake aliyeko London ndiye aliyemfungua macho kwa nini lilikuwa bei ya kuvutia. Huko SUV za kifahari za umeme zinashuka thamani haraka mno, mwenye nalo wa kwanza alikula hasara yake akaondoka. Na tangu Aprili 2025 magari ya umeme kule yanalipa kodi ya barabara kama mengine. Paris ndiyo usiseme: kuanzia Oktoba 2024 SUV la umeme likizidi tani mbili, mgeni anaegesha katikati ya jiji kwa euro 18 kwa saa. Kwa hiyo siyo Goba peke yake. Dhamana ya betri, ambayo kwa magari haya mara nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, nayo haikupanda meli.

Basi yote hayo ni kero za kawaida. Mtu anazizoea, anazisimulia baa, watu wanacheka. Ikaja Oktoba.

Ijumaa usiku simu ya Marangu. Mama mkubwa amefariki, amelala baada ya chakula hakuamka. Mazishi Jumanne, ibada saa sita, kaburini saa nane mchana.

Jumamosi gari lilikuwa limeahidiwa harusi. Tangu liingie mjini hakuna kamati ya harusi isiyolijua, na hii ilikuwa ya mdogo wa rafiki yake wa damu, kadi zimeshachapwa, bibi harusi ameshaambiwa atapanda lile jeusi. Angeweza kusema nimefiwa, wangeelewa. Hakusema. Akafikiri Jumamosi watalitumia, Jumapili litachaji, Jumatatu alfajiri atatoka. Likazunguka saluni, kanisani, Kunduchi kupiga picha, ukumbini Mlimani, kiyoyozi mwanzo mwisho kwa sababu ya mekapu, na wapambe walikuwa wanamwomba dereva alikanyage kidogo wachukue video. Lilirudi Goba saa tisa usiku na asilimia 17.

Jumapili asubuhi binamu mwingine alipita na Noah, amebeba ndugu saba na sufuria za kupikia msibani. Mkewe akaingia na watoto. Akamshika mkono pale dirishani. "Panda twende. Nafasi ipo."

"Nakuja na gari. Mama mkubwa alitaka kuliona."

"Mama mkubwa haoni kitu sasa hivi."

"Nakuja na gari."

Mtu wa nje anaweza kumwita mjinga hapa, na hatakuwa amekosea sana. Lakini ahadi kwa mtu aliyekufa inakaa mahali pabaya kifuani. Alitaka lile gari liingie kwenye ule uwanja, lisimame pale, hata kama aliyeliomba yuko ndani ya jeneza.

Akachomeka. Jumapili jioni umeme ukakatika mtaa mzima, ukarudi baadaye sana usiku. Jumatatu mchana asilimia bado hazimpeleki hata Same. Jumatatu saa tatu usiku lilikuwa na 80. Akasema liwalo na liwe.

Wanaoijua barabara ile wanajua: kutoka Goba, Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera mpaka Korogwe ni karibu kilomita 300, na kutoka Korogwe kupanda mpaka Marangu kuna nyingine kama 240. Kwa asilimia 80 hafiki, hilo alilijua. Alichokuwa anatafuta ni kufika Korogwe na chaji ya kubaki, achaji pale gesti, alfajiri amalizie. Na ili chaji ibaki lazima uende taratibu, maana kwenye mwendo mkubwa upepo ndio unaokula betri. Akaweka 80 kwa saa. Akazima kiyoyozi. Vioo akafunga, kwa sababu navyo vikifunguka upepo unaongeza kazi. Shati likalowa kabla ya Msata.

Akapitwa na Noah. Akapitwa na mabasi ya usiku, moja, mawili, matano, kila moja likimwashia taa kali kwa nyuma atoke njiani. Karibu na Mkata akapitwa na Fuso tupu linalorudi Tanga kufuata machungwa, utingo amekaa juu kwenye bodi, akalimulika lile SUV kwa tochi ya simu kulishangaa. Farasi 600 wamefungwa kamba.

Korogwe saa nane usiku, asilimia 14. Mlinzi wa gesti akamtolea ekstensheni kupitia dirisha la chumba namba tatu. Akachomeka. Taa nyekundu.

Athi. Ugonjwa uleule wa Goba.

Alijaribu soketi ya mapokezi, ya jikoni, ya baa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mlinzi, mzee wa Kisambaa mwenye koti la mvua, alimfuata kila soketi akibeba taa bila kuuliza swali. Mwishoni akasema, "Fundi yupo, ila amelala. Na wewe lala, baba." Hakulala. Alikaa kwenye kiti cha dereva mpaka kukakucha, anasoma ujumbe wa kundi la familia: nani amefika, nani amenunua maua, nani atasoma wasifu. Jina lake lilikuwa kwenye wasifu. Yeye ndiye aliyepangwa kusoma.

Fundi alikuja saa moja, akachimba, akapiga nondo, akafunga waya. Saa tatu asubuhi taa ikawa kijani, na skrini ile kubwa nzuri ya kwenye gari ikamwonesha muda wa kujaa: Alhamisi, saa nane usiku. Ya kumfikisha Marangu tu, bila kujaa, ni Jumatano alfajiri. Ilikuwa Jumanne.

Mkewe akapiga. "Uko wapi?"

"Korogwe. Linachaji."

"Panda basi."

"Bado kidogo."

Hiyo "bado kidogo" ilidumu saa moja na nusu. Huko ndiko kulikobeba kila kitu, maana basi la saa tatu lilimpita amekaa anaangalia asilimia 14 ikigeuka 15, na la saa tatu na nusu, 16. Saa nne na nusu akafunga gari, akampa mlinzi elfu 20, akapanda basi la kutoka Dar. Hakukuwa na kiti. Mpaka Same alikuwa amesimama.

Himo saa nane na nusu, akadaka bodaboda. Kilomita kumi na tatu za kupanda mlima, wasifu uko kwenye simu na simu ina asilimia 6. Wamemsubiri, alikuja kuambiwa baadaye. Jeneza lilikaa juu ya kaburi nusu saa nzima, mchungaji akiangalia saa na wingu la mvua likishuka kutoka mlimani. Kisha wakashusha. Alipofika udongo ulikuwa umeshasawazishwa na akina mama wanaweka mashada. Wasifu alisoma mjukuu, yule aliyeonesha picha.

Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa afadhali. Mama yake alimshika bega, akamwangalia viatu vilivyojaa vumbi, akauliza kitu kimoja: "Gari umemwachia nani?"

Siku ya tatu ya matanga alitumwa nyumbani kwa mama mkubwa kuchukua viti. Kwenye baraza, kwenye ukuta wa nje unaotazama uwanja, akaona soketi. Mpya, nyeupe, bado ina alama za vidole vya saruji. Juu yake kuna dumu la mafuta ya kupikia limekatwa nusu na kupigiliwa misumari, kuzuia mvua. Binamu aliyekuwa naye akasema, "Aliita fundi mwezi wa nane. Alisema mwanangu akija asihangaike."

Jamaa akawasha swichi, akazima. Akawasha tena, akazima. Halafu wakabeba viti.

Alhamisi alishuka Korogwe kulifuata gari. Lilikuwa limejaa, limeoshwa, watoto wa jirani wameandika majina yao kwenye vumbi la kioo cha nyuma kabla ya kuoshwa na mlinzi amewafukuza lakini anayakumbuka majina yote. Mwenye gesti alikuwa na karatasi ya luku, uniti 90 na ushee. Jamaa akalipa, akaongeza, kisha akamwita yule fundi wa athi wakakaa chini. Kabla ya kuondoka wakakubaliana: waya mnene wake peke yake kutoka kwenye mita, soketi ya bluu ya ampea 32, gharama juu ya jamaa. Kwa kilowati 7, mtu akilala pale saa kumi anaamka na uniti 60 na kitu kwenye betri, na hizo zinatosha kupanda mpaka Marangu. Chaja ya Goba nayo ikafungwa wiki iliyofuata. Mkewe alipiga pasi saa nne usiku siku hiyo, kwa makusudi tu, hakukuwa hata na nguo za maana za kupiga.

Video za kulikanyaga zimeisha. Mashemeji wanaona amebadilika, wengine wanasema amefulia. Kamati za harusi zinajibiwa kwamba gari lina safari.

Desemba alitoka Dar tarehe 21 asubuhi na familia nzima, mwendo wa wastani, wakalala Korogwe, tarehe 22 mchana wakaingia Marangu. Siku mbili kwa safari ambayo Noah inaimaliza kwa siku moja. Alipofika hakwenda kwa mama yake kwanza. Alilipeleka gari kwenye uwanja wa mama mkubwa, akalirudisha kinyumenyume mpaka kwenye baraza, akachomoa chaja, akachomeka kwenye ile soketi yenye kofia ya dumu. Taa ikawa kijani mara ya kwanza tu. Fundi wa mama mkubwa alikuwa ameweka athi.

Mama yake, ambaye ndiye analala nyumba ile siku hizi, alikuwa amenunua luku ya kumfikisha mwaka mpya. Usiku saa saba ikaisha. Nyumba nzima giza, gari nalo likanyamaza. Akatoka na tochi, kajifunga kanga mabegani kwa baridi ya mlima, akalizunguka gari lote taratibu akilimulika, boneti, tairi, waya, mpaka akafika dirishani ambako mwanawe alikuwa amekaa peke yake.

"Mwanangu," akasema, "limeshiba au bado?"